Barua Kutoka London: Ujira na Hesabu Yake



Habari ya kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, kilichotangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan wa Tanzania pale Singida siku ya Mei Mosi mwaka 2025, kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, ilinifurahisha sana. Walakini swali linaloandamana na kila nyongeza, yaani tija iko wapi, limenishughulisha zaidi, kwa kuwa huku nalo limeulizwa kwa ukali.

Serikali ya Uingereza ilizuia nyongeza za watumishi wengi tangu mwaka 2011, kisha ikazifunga katika asilimia 1 kwa mwaka hadi mwaka 2017. Na subira ilipokwisha, tarehe 1 Februari 2023 watumishi wa wizara wapatao laki moja waligoma pamoja na walimu na madereva wa treni, na mwezi uliofuata wakagoma madaktari wa ngazi za chini. Hata hivyo, kwa madaktari, wauguzi, walimu na wanajeshi ziko bodi za mishahara ambazo husikiliza pande zote na kuandika mapendekezo yenye sababu zake, na serikali ikiyakataa huyakataa hadharani. Hiyo ni insafu ambayo naihusudu.

Lakini katika kuwapima watumishi, wakubwa wa hapa walipotoka. Katika muongo uliopita walitaka wizara ziwapange watu wao kwa mafungu, takriban mmoja katika kumi aangukie fungu la mwisho, hata kama idara nzima ilijaa mahodari. Na kwa kuwa sifa ya mmoja ilikuwa hasara ya jirani yake, mtu aliyejua kazi alikuwa na sababu ya kumficha mwenzake maarifa, na mkuu wa idara alilazimika kumtafuta mkosaji hata pasipo kosa. Vyama vya wafanyakazi vililalamika, na utaratibu huo ukaachwa. Nauita dhuluma, japo ulivishwa joho la uwajibikaji.

Kipimo ninachokiamini ni kile anachokisoma mgonjwa mwenyewe. Huku England, kila mwezi hutangazwa ni wagonjwa wangapi wa hospitali za umma wametibiwa ndani ya majuma 18 waliyoahidiwa. Lengo la asilimia 92 halijafikiwa tangu mwaka 2016, na aibu hiyo humwangukia waziri bungeni, wala si muuguzi wa zamu ya usiku.

Nyumbani Tanzania tulikuwa na kipimo cha utendaji wa watumishi kilichoitwa OPRAS tangu mwaka 2004, na sasa tuna kingine, PEPMIS, katika kompyuta. Vyote viwili ni mazungumzo baina ya mtumishi na mkubwa wake, ambayo raia aliyepanga foleni hayasikii kamwe. Natamani hospitali ya wilaya ibandike langoni mwake, kila mwezi, dawa zilizokosekana na muda ambao wagonjwa walingoja, na halmashauri ibandike vibali vya ujenzi vilivyolala mezani. Na atakayeulizwa kwanza awe mkurugenzi, kabla ya karani wa masijala. Ama nyongeza ile ya mshahara, iliyoanza Julai 2025, isiwekwe rehani kwa sharti hilo, kwa sababu mwalimu anayefundisha darasa la watoto zaidi ya mia moja aliistahili kabla kipimo chochote hakijabuniwa.

Wenu katika ughaibuni.