Hamamni, na Haki ya Mwili

Katika Mji Mkongwe wa Unguja, mtaani Hamamni, ipo hamamu iliyojengwa kwa amri ya Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hata 1888. Watu waliingia humo kuoga; na kukandwa viungo ni ada ya hamamu tangu kale. Leo maji yamekauka, wageni huja kutazama tu.

Lakini tutokapo mlangoni twawaona wazee wakipita vichochoroni kwa miguu, waenda msikitini. Hapo ndipo penye dawa. Kukandwa kwa mafuta ya nazi hulegeza misuli na kupunguza maumivu. Bali nguvu za miguu haziji ila kwa kuitumia. Shirika la Afya Duniani lawausia wazee mwendo wa kukaza hatua, dakika 150 kwa juma, pamoja na mazoezi ya kuwakinga wasianguke.

Enyi vijana wetu, heshima si kumkalisha mzee kitini kutwa. Mkandeni taratibu, ila mguu uliovimba ghafula na kuuma msiukande, mpelekeni kwa daktari. Akiwa mzima, mshikeni mkono mwende naye sala ya alasiri. Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kwamba mwili una haki yake juu yetu, na haki ya mzazi tutaulizwa sisi.