Bi Harusi, Usisahau Chupa ya Maji



Nilipoolewa nikahamia Kitangari, kule Newala, vyombo vyangu vilikuwa hotipoti, majagi na bilauri za kupamba kabati. Chupa ya maji sikununua hata moja. Nilidhani chupa ni chupa tu: soda ikiisha unaisuuza, unatia maji, mtoto anakwenda nayo skuli.

Uwanda wa Makonde una shida ya maji. Maji ya Newala na Tandahimba husukumwa kwa pampu kutoka Mitema, huku bondeni Kitangari. Kila chombo cha kutilia maji kina thamani, chupa hazitupwi ovyo. Na msimu wa kupulizia mikorosho ukifika, chupa hizohizo hupimiwa dawa.

Siku moja mwanangu alifungua chupa yake akasema, "Mama, maji yananuka." Mama mkwe akampokonya kabla hajanywa. "Hii ya dawa ya shamba! Nani kaileta jikoni?"

Nilikuwa mimi. Niliiokota uani, nikaiosha kwa sabuni, nikaiona imetakata. Alhamdulillah, Allah alitustiri.

Tangu siku ile nina kanuni moja: chupa nisiyojua ilikotoka haiingii jikoni kwangu. Tunatumia za stili isiyoshika kutu, zenye alama 304 au 18/8, mdomo mpana unaopitisha brashi. Ule mpira wa kifuniko nautoa na kuuosha, maana hujificha ukungu.

Kama uwezo wako ni wa plastiki, igeuze utazame namba ndani ya pembetatu. Namba 5 inafaa kutumika tena. Namba 1 ndiyo ya maji ya dukani, imetengenezwa kwa matumizi ya mara moja. Namba 7 ina mchanganyiko, na baadhi zina kemikali ya BPA, ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chupa za watoto wachanga mwaka 2011. Chai ya moto usitie kwenye plastiki. Na chupa nzuri haisafishi maji machafu, chemsha kwanza.

Mtume (S.A.W.) alitufundisha kufunika vyombo na kufunga midomo ya viriba. Kiriba cha leo ndiyo hii chupa, nayo ni amana.

Basi bi harusi, ukiulizwa zawadi gani unataka, punguza bilauri moja ya kabatini, taja chupa ya stili. Allah azilinde nyumba zetu. Amin.