Ahadi na Ukoo Wake

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: hata daftari lenyewe, likikosa mpangilio, hupotea lingali mkononi.

Kila Bunge la bajeti linapoketi Dodoma, huandika madondoo ya ahadi zinazotolewa: maji, barabara, mikopo ya wanafunzi. Huyatunza katika Emacs, programu ya kuhariri maandishi ambayo mtumiaji aweza kuibadili apendavyo, kwa kutumia Org, nyongeza iliyobuniwa mwaka 2003 na mwanafalaki Carsten Dominik. Utaratibu wake ni mwepesi. Nyota moja mwanzoni mwa mstari huashiria kichwa kikuu. Nyota mbili, kichwa kidogo kilicho chini yake. Mwaka huzaa wizara, wizara huzaa ahadi. Kwa kitufe kimoja tawi hukunjwa au hukunjuliwa.

Lakini hazina yake kubwa imo katika kutafuta. Nikiliamuru litafute neno “maji”, faili lote hujikunja, ikabaki mistari yenye neno hilo pamoja na vichwa vilivyo juu yake. Ahadi haiji peke yake kama yatima. Huja na ukoo wake: wizara ipi, mwaka upi.

Hapo ndipo siasa inapoingia. Mijadala yetu ya mitandaoni huendeshwa kwa vipande vya video vya sekunde chache. Amshambuliaye kiongozi hulinyofoa neno kutoka mahali pake. Amteteaye hukana kwamba liliwahi kusemwa. Wote wawili hula katika chungu kimoja, nacho ni usahaulifu wetu. Raia awezaye kulionyesha neno, mahali pake na mwaka wake, hana haja ya kupaza sauti. Tena humtendea haki hata yule anayemkosoa.

Wanafunzi huniuliza kwa nini nisiyahifadhi haya yote katika huduma za kisasa zenye kupendeza macho. Huwajibu kwamba faili la Org ni maandishi ya kawaida. Hufunguka katika kompyuta yoyote, hata Emacs yenyewe isipokuwapo. Kampuni ikifunga milango kesho, daftari langu halifungwi nayo. Kumbukumbu ya taifa haifai kuwa mpangaji katika nyumba ya mtu mwingine.

Basi tuandike, ndugu zangu, lakini tupange tuandikapo. Mtawala haogopi wingi wa madaftari yetu. Huogopa siku tutakapojua ukurasa wa kufungua.