Kichwa kinachouma Jumamosi tu

Kwa miezi miwili, nyumba moja ya Tabata jijini Dar es Salaam iliamini kwamba mimba imemkataa baba.

Ushahidi ulikuwepo. Jumatatu hadi Ijumaa, mume akiwa kazini, mama alikuwa mzima. Alipika, alifua, alimpeleka mtoto wa miaka minne shule ya awali na kumfuata mchana. Jumamosi jioni, mume akiwa nyumbani, kichwa kilianza kumgonga, kichefuchefu kikapanda na miguu ikalegea kama ya mtu aliyetoka kuugua.

Shangazi wa mume, mwanamke aliyezaa mara saba, hakuona haja ya kipimo. "Mimba hii haimtaki mwenye nayo," alisema. "Akikaa karibu tu, inachafuka. Subirini izaliwe, itafanana naye kama pacha."

Mume alicheka pamoja na wengine, ila lilimuingia. Tangu siku hiyo, Jumamosi ikifika, alijitenga mapema zaidi na kukaa muda mrefu zaidi kwenye banda la gari.

Banda lenyewe liliongezwa ubavuni mwa nyumba baadaye, kama wengi wanavyofanya pesa zikipatikana kidogo kidogo. Matofali kwa pande, bati juu, geti la bati mbele. Dirisha la chumba cha kulala, ambalo zamani lilitazama mwembe, sasa lilitazama boneti ya gari. Ndani yake kulikuwa na Subaru Impreza WRX ya bluu, iliyonunuliwa kwa bei ya kutupwa kutoka kwa mtu aliyekata tamaa baada ya injini kunoki.

Mwanamume huyu ni mhasibu. Kazini hasikiki. Lakini mwaka 1997, akiwa darasa la saba mjini Moshi, Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya akiendesha Impreza ya bluu na njano, na picha ya gari hilo ilikaa ndani ya jalada la daftari lake la hesabu hadi daftari likaisha. Miaka mingi baadaye, akiwa na mke, watoto wawili na mimba ya tatu, akalinunua la kwake.

Faida ya kwanza ya gari hilo haikuwa mwendo, maana lilikaa miezi bila kutoka. Faida ilikuwa kijana wake wa miaka kumi na saba, aliyemaliza kidato cha nne na kungoja matokeo huku amejifungia chumbani na simu. Kwa karibu mwaka mzima mazungumzo yao yalikuwa "shikamoo" na "marahaba". Siku baba alipoanza kufungua injini, kijana alikuja kusimama mlangoni. Siku ya pili alishika tochi. Wiki ya tatu alikuwa anamrekebisha baba yake.

Kuna mengi ya kuzungumza katika injini ile. Pistoni zake hazijasimama kama za magari mengi ya mtaani. Zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, zikienda na kurudi kama mabondia wanaotupiana ngumi, ndiyo maana huitwa injini ya boksa. Kwa kulala hivyo, uzito unakaa chini na gari linashika barabara kwenye kona. Ila fundi ndiye anayelipa. Plagi zinatazama ubavuni, na nafasi ya kuingiza mkono ni ndogo kiasi kwamba kila aliyezibadilisha ana kovu la kuonyesha. Mkanda mmoja mrefu wa taimingi unazungusha kemshafti nne, na ukikatika gari likiwa linatembea, valvu zinakutana na pistoni na hasara yake haisemeki. Oili ikipungua, beringi za konrodi ndizo zinazoanza kulia. Mlio huo wa nyundo ndogo ndani ya injini ndio uliomfanya mwenye gari wa kwanza aliuze.

Baba na kijana waliifungua yote. Jumamosi zikawa kama baraza. Alikuja fundi kutoka Ilala, walikuja vijana wawili wenye Forester, alikuja jirani mwenye Toyota Altezza ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kubisha. Mmoja alitaka turbo kubwa zaidi. Turbo, kwa asiyejua, ni feni inayozungushwa na moshi wa gari lenyewe, kisha inasukuma hewa nyingi ndani ya injini ili petroli nyingi iungue. Kwa njia hiyo injini ya lita mbili tu inatoa nguvu ya injini kubwa. Fundi alikataa.

"Presha ya oili bado ndogo," alisema. "Ukimpa turbo kubwa, bosi, unamvisha mgonjwa viatu vya mbio."

Walibishana kuhusu gasketi, kuhusu unene wa oili, kuhusu sababu ya Subaru za zamani kunguruma kwa kukatakata (ni mabomba ya ekzosi yanayotofautiana urefu, hivyo moshi wa kila silinda unafika kwa wakati wake). Kijana alijibu, akacheka, akaandika kwenye karatasi. Mama, akiwa jikoni, alimsikia mwanawe akicheka na hakuwa na la kulalamika.

Jambo moja hawakubishana. Wote walikubaliana kwamba sega litoke.

Sega ni kile chombo kilichofungwa kwenye bomba la ekzosi, chenye vitundu vingi vidogo kama sega la nyuki. Ndani kimepakwa madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wenye sumu ukipita humo ukiwa wa moto, sehemu kubwa ya sumu hiyo inageuzwa. Wapenda mwendo hawalipendi, kwa kuwa linabana moshi, na turbo hupenda moshi utoke bila kizuizi. Zaidi ya hapo, wapo wanaolinunua kwa ajili ya yale madini. Kijana ndiye aliyeshika grainda. Pesa ya sega ikanunua geji ya presha ya oili, ile ambayo fundi alikuwa akiidai, na kila mtu akaona ni biashara nzuri. Katika kukata, sensa ya oksijeni inayoiambia injini ipunguze au iongeze petroli ikaharibika. Gari likawa linakula petroli kuliko kawaida na moshi wake ukawa na harufu nzito. Wakasema sensa itanunuliwa mwisho wa mwezi.

Mlio, hata hivyo, ulikuwa mtamu. Ulikuwa mtamu mno, hadi mama mmoja wa nyumba ya tatu akaja kulalamika kwamba mjukuu wake halali. Baba ni mtu wa staha. Akaomba radhi, na kuanzia siku hiyo, kila walipowasha gari, alifunga geti la banda. Masika nayo yalikuwa yameanza, kwa hiyo geti lingefungwa tu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mama anajilaza saa kumi na mbili jioni kupumzisha miguu. Upande wa pili wa wavu wa mbu, injini baridi inawashwa na kuachwa ingurume nusu saa wanaume wakitazama geji.

Kliniki walifanya walichoweza. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu, mara mbili. Presha ilikuwa sawa, mkojo haukuwa na protini, kwa hiyo dalili za kifafa cha mimba hazikuwepo. Alikwenda Jumanne, na Jumanne hakuwa anaumwa. Akapewa panadol na kuambiwa anywe maji mengi.

Ushahidi wa shangazi uliharibika Jumamosi moja ya mvua. Mtoto wa miaka minne alikuwa amelala kando ya mama yake. Aliamka analia, ameshika kichwa, akatapika kitandani. Mama alitaka kumnyanyua na miguu ikakataa. Kijana, aliyeingia ndani kunywa maji, ndiye aliyewakuta. Mimba inaweza kumchukia baba, lakini mtoto wa miaka minne hana mimba.

Waliwapakia kwenye hiyo hiyo Subaru, vioo vyote chini kwa sababu mtoto alikuwa anatapika. Walipofika hospitali, upepo ukiwa umewapiga usoni njia nzima, mtoto alikuwa anauliza kama kuna chipsi. Muuguzi wa zamu aliwatazama kama watu waliokuja kumpotezea muda. Alimbana mama kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu, kikasoma 98. Hakuna mgonjwa hapo.

Daktari, dada mmoja mdogo kwa umri, hakuridhika na ile 98. Aliuliza maswali ambayo hayakufanana na ya hospitali.

"Mnapikia nini nyumbani, mama?"

"Gesi."

"Jiko la mkaa haliingii chumbani?"

"Hapana."

"Jenereta?"

"Hatuna."

"Baba, kabla hawajaanza kuumwa mlikuwa mnafanya nini?"

Baba alinyamaza. Aliyejibu ni kijana. "Tulikuwa tunasikiliza injini."

Gesi inayotajwa hapa ni kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Harufu ya moshi ni ya vitu vingine, na mtu anaweza kuizoea akadhani hatari imeisha. Ikivutwa, inashika chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni, kwa hiyo oksijeni inakosa pa kukaa. Mwili unaanza kukosa hewa huku mapafu yakiendelea kupumua vizuri. Kifaa cha kawaida cha kidoleni hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba gesi hiyo. Kinaona wekundu tu, na kinasoma vizuri hata mgonjwa akiwa na hali mbaya.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na kuishiwa nguvu. Nchini kwetu orodha hiyo ina jina moja tu, malaria, na mjamzito ana la pili, mimba. Ndiyo sababu swali la nani mwingine anaumwa katika nyumba hiyo, na wanaumwa saa ngapi, lina thamani kuliko vipimo vingi. Gesi ni hiyo hiyo inayowakuta wanaolala na jiko la mkaa chumbani kwenye mikoa ya baridi.

Kwa mjamzito kuna jambo zaidi. Gesi inavuka kwenda kwa mtoto tumboni, na damu ya mtoto inaishika kwa nguvu na kuiachia taratibu kuliko ya mama. Mtu mzima akitolewa kwenye hewa safi, nusu ya gesi huondoka kwa saa nne hadi tano. Akipewa oksijeni kwa barakoa, ni kama saa moja hadi moja na nusu. Mtoto tumboni huchelewa, na hivyo oksijeni ya mama huendelea hata baada ya mama mwenyewe kusema amepona. Alilazwa usiku ule na barakoa usoni. Mapigo ya mtoto yalisikilizwa mara nyingi na yalikuwa sawa, lakini daktari hakuwaahidi kitu. Alisema waendelee kuhudhuria na mama ahesabu anavyocheza.

Baba alikaa kwenye benchi la nje hadi asubuhi. Alijua injini yake inahitaji sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli ili iungue sawasawa. Hesabu ya hewa ya chumba cha mkewe hakuwahi kuipiga. Kijana naye hakusema chochote. Alikuwa anatazama mikono yake, ile iliyoshika grainda.

Walioambiwa habari hii wengi walisema gari liuzwe. Aliyekataa ni mama. Alisema ameshaishi mwaka mmoja na mtoto asiyesema, na hataki kurudi huko kwa sababu ya bomba. Alitoa masharti mawili: gari lisiwashwe tena ndani ya banda hata kwa dakika moja, hata geti likiwa wazi, na kilichotolewa kirudi.

Kurudisha sega kuligharimu zaidi ya walichopata kwa kuliuza. Fundi alilipata la mtumba Ilala, likafungwa pamoja na sensa mpya, lakini roho ilimuuma.

"Mzee, hapa unapoteza nguvu za farasi," alisema.

"Wapungue," baba alijibu, akamshikia tochi.

Dirisha la chumba limezibwa kwa tofali na lingine limefunguliwa upande wa barabara. Shangazi alipokuja na kusimuliwa yote, alikunja kanga yake vizuri na kusema yeye alisema tangu mwanzo kwamba mimba imekataa kitu. Alichokosea ni kitu chenyewe.

Jumamosi sasa, saa kumi jioni, baba na kijana wanasukuma gari kwa mikono kutoka bandani hadi uchochoroni, injini ikiwa imezimwa. Jirani wa Altezza anasukuma pia huku akibisha kuhusu oili. Mama anakaa barazani, mkono tumboni, anahesabu. Kabla ya kugeuza ufunguo, kijana hutazama kwanza upepo unaelekea wapi.