Hombo: Moyo wa mwisho hauui, wadudu ndio wanaua

HOMBO – Hatua chache kutoka daraja linalotenganisha Hombo Nord, upande wa Walikale, na Hombo Sud, upande wa Kalehe, kuna kibanda cha mbao ambako vijana wanajaa kila siku ya posho mchana. Juu ya manjanja kuna sahani moja ya sola. Ndani kuna betri mbili za gari, televizyo ya zamani yenye mgongo mrefu, benchi tatu na mashini ndogo ya mchezo yenye maneti mbili. Asubuhi mwenye sale anachaji simu za watu. Mchana, kama jua lilikuwa zuri, anafungua mchezo. Nusu saa ni faranga 500, na watoto wawili wanaweza kuchangia.

Mchezo unaopendwa pale si wa mpira. Ni Contra, mchezo wa vita wa kampuni ya Konami ya Japani, uliotoka mwaka 1987 katika sale za michezo na mwaka 1988 kwa mashini za nyumbani. Una umri mkubwa kuliko wote wanaoucheza hapa Hombo, isipokuwa mwenye sale mwenyewe. Ulifika kwetu kama ulivyofika sehemu nyingi za Afrika, ndani ya kaseti za bei ndogo zenye michezo mingi pamoja. Askari wawili, Bill na Lance, wanashuka katika kisiwa kilichovamiwa na viumbe waliotoka nje ya dunia. Kuna ngazi 8: pori, kambi, maporomoko ya maji, kambi tena, theluji, kiwanda, ghala, na mwishowe pango la viumbe wenyewe. Mwisho wa pango hakuna jitu. Kuna moyo mkubwa unaopiga, peke yake.

Kwa miezi kadhaa hakuna mtoto wa Hombo aliyeupasua moyo ule. Wa kwanza walikuwa ndugu wawili waliotoka Ufamandu, mtaa wa Masisi.

Mkubwa ana miaka 16, mdogo ana 11. Familia yao ilihama mwaka 2025, mwaka ambao vita vilifika Goma mwezi wa kwanza na Walikale-centre mwezi wa tatu, na watu wa vijiji vya katikati hawakujua tena wakimbilie upande gani. Walipita njia ya miguu, wakatokea Busurungi, wakashuka mpaka Hombo. Usiku mmoja milio ilisikika karibu. Mama alikuwa na mtoto mgongoni. Mkubwa alikuwa amemshika mdogo mkono, lakini penye mteremko alimwachilia ili akimbie vizuri. Mdogo alipatikana siku tatu baadaye, katika kundi la watu wa kijiji kingine, miguu imevimba. Hakuna aliyemgombeza mkubwa. Na mdogo hakusema neno juu ya usiku ule. Alianza tu kutembea nyuma ya kaka yake, si kando yake tena.

Familia inayowapokea iko nyuma ya soko. Mkubwa anabeba mizigo ya mihogo na ndizi siku za soko, na faranga zinazobaki anazileta kwa sale. Mama yao alipojua alikuja mwenyewe mpaka mlangoni.

– Papa, sisi tulikimbia masasi. Na wewe unalipisha watoto wetu ili wacheze na masasi?

Mwenye sale ni mtu wa kutengeneza pikipiki, mpole wa sauti. Alimjibu kwa heshima:

– Mama, humu hakuna mtoto anayekufa. Akikufa, anaanza tena.

– Ndicho kile kinaniogopesha, mama akasema. Watazoea kwamba kufa ni kitu cha kuanza tena.

Yule papa hakuwa na jibu. Tangu siku ile aliweka masharti mawili, akayaandika kwa makaa juu ya karto: hakuna kuingia saa za masomo, na mtoto akiomba kutoka asichekwe. Sharti la pili wengi hawakulielewa. Lakini kuna siku ilionekana faida yake. Msichana mmoja mhami alisimama katikati ya mchezo kwa sababu ya mlio wa ngazi ya kwanza, akatoka nje, na hakuna aliyefungua kinywa.

Sasa, kuhusu mbinu. Vijana wengi wa Hombo walikuwa wanakwama kwa sababu walidhani Contra ni mchezo wa kufyatua sana. Mwenye sale aliwafundisha kwanza ile siri maarufu: kabla ya kuanza, bonyeza juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, kisha Start. Unapewa maisha 30 badala ya 3. Siri hiyo ilianzishwa na Mjapani, Kazuhisa Hashimoto, alipokuwa anatengeneza toleo la nyumbani la mchezo mwingine, Gradius, lililotoka mwaka 1986. Aliona ni mgumu kupita uwezo wake mwenyewe, akajifungulia mlango wa nyuma, na mlango ule ukabaki. Hashimoto alifariki mwaka 2020, na vidole vya watoto wa Walikale bado vinapita katika mlango wake.

Lakini maisha 30 hayakuwasaidia wale ndugu. Mara ya kwanza yaliisha kwenye theluji. Sababu ni rahisi: katika Contra sasi moja tu linatosha kukuua, na ukifa unapoteza silaha uliyookota. Unarudi na bunduki ya kawaida, na kwa bunduki ile unakufa haraka zaidi. Mwenye maisha mengi asiye na silaha nzuri anayamaliza kama mtu anayechota maji kwa kikapu.

Kwa hiyo mbinu ya kwanza ni kulinda herufi S. Ukiokota S, bunduki yako inatoa masasi matano yaliyotawanyika kama vidole vya mkono. Kwa mbali, moja au mawili yanagonga adui na mengine yanapotea. Kwa karibu, yote matano yanaingia mahali pamoja. Ndiyo maana mwoga anayepiga toka mbali anachukua muda mrefu, na muda mrefu ndio unaomuua. R inaongeza mwendo wa masasi, basi iokote pia. Lakini ukiwa na S, usiguse L wala F kwa tamaa ya kitu kipya, kwa sababu ya pili inafuta ya kwanza.

Mbinu ya pili ni ya ngazi ya tatu, maporomoko ya maji, na hapo ndipo ndugu hawa walikuwa wanagombana. Pale mnapanda juu, na picha inapanda pamoja na yule aliye mbele. Aliyebaki chini akiachwa na picha, anakufa. Hakuna adui aliyemgusa. Mwenzake ndiye aliyemwua kwa mwendo wake. Mkubwa alikuwa mwepesi. Kila mara aliruka, akaruka, na mdogo akapotea chini ya televizyo. Mara ya kwanza mdogo alinyamaza. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu aliweka maneti juu ya benchi, akasema pole pole:

– Wewe njo unaachaka watu.

Sale yote ilisikia. Mkubwa alitazama televizyo mpaka nusu saa yao ikaisha, bila kubonyeza kitu. Walienda nyumbani mmoja mbele, mmoja nyuma, na posho mbili zilizofuata hawakuonekana.

Walipokuja tena, mkubwa alikuwa na faranga za saa nzima. Kabla ya kuketi alimwambia mdogo maneno machache tu: “Leo wewe utatangulia.” Na kwenye maporomoko alifanya hivyo. Alisimama kwenye jiwe, akangoja mdogo apande kwanza, akaruka baada yake. Ilichukua muda. Vijana wa nyuma walipiga kelele kwamba wanapoteza betri. Hakuruka mbele hata mara moja. S ya kwanza iliyoanguka alimwachia mdogo, na ya pili pia.

Walipofika pangoni jua lilikuwa linashuka na taa ya betri ilianza kuwa nyekundu. Kwa mlango wa pango kuna kichwa kikubwa kinachoitwa Java, kinachotema viumbe kwa kinywa. Mbinu ya pale ni kugawana kazi: mmoja analenga kinywa bila kuacha, mwingine anaua vinavyotemwa kabla havijafika miguuni. Ukitaka wote wawili mpige kinywa ili kila mmoja apate sifa, mnakufa wote wawili. Walipita, lakini mkubwa alibaki bila maisha. Mdogo alikuwa na mawili tu.

Contra ina kitu ambacho michezo mingi haina. Wa kwanza akimaliza maisha yake, anaweza kuchukua moja kutoka kwa mwenzake aliye hai. Si lazima aombe. Anabonyeza tu. Katika sale ile ugomvi mwingi ulitoka hapo, kwa sababu wakubwa wanakamata maisha ya wadogo kisha wanayapoteza. Mkubwa aliondoa vidole kwenye maneti.

– Endelea peke yako, akasema.

Mdogo hakumtazama.

– Kamata moja.

– Utabakia na moja tu.

– Kamata, nilisema.

Akachukua. Wakaingia wote wawili katika chumba cha mwisho, mdogo na S yake, mkubwa na bunduki ya kawaida.

Na hii ndiyo siri ya adui wa mwisho, kwa wote waliokuwa wakiuliza. Moyo hautembei. Haufyatui. Mtu anaogopa ukubwa wake, anasimama mbali, anapiga moyo na kusahau mengine. Wakati huo maganda yaliyouzunguka yanafunguka na kutoa wadudu, na wadudu ndio wanaua. Basi punguza maganda kwanza, au weka mtu mmoja wa kazi hiyo. Kisha songea karibu kabisa na moyo, masasi matano yaingie yote. Usirudi nyuma. Kuruka ruka hakusaidii. Ruka tu mdudu akifika miguuni.

Mkubwa alichukua wadudu. Mdogo alichukua moyo. Mkubwa alikufa, na hapakuwa tena na maisha ya kuazima. Mdogo alibaki peke yake kwa muda ambao katika sale ulionekana mrefu. Kisha moyo ulipasuka, na kila kitu ndani ya pango kikapasuka pamoja nao.

Kelele ilisikika mpaka darajani. Mama yao, aliyekuwa anapita akiwatafuta, aliingia kwa hofu, maana kelele ya watu wengi jioni hapa kwetu haina maana moja. Alikuta watoto wake wamekaa kwenye benchi, bega kwa bega. Alitaka kusema jambo, akaliacha. Akatazama televizyo pamoja nao.

Picha ya mwisho ya Contra ni fupi. Helikopta inaondoka na wale askari, na nyuma yao kisiwa kizima kinalipuka.

– Na watu wa kile kisiwa? mama akauliza. Walienda wapi?

Vijana walitazamana. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kisiwa kilikuwa na watu. Mwenye sale alisema labda walihama mapema. Mama aliitika kwa kichwa, kama mtu anayepokea habari ya watu anaowajua, akawaambia wanawe twende, giza linaingia.

Taa ya betri ilizimika kabla hawajatoka mlangoni. Njia ya nyuma ya soko ni nyembamba, haipitishi watu watatu. Mama alitangulia. Nyuma yake alifuata mdogo, na mkubwa akawa wa mwisho.