Kinachohitajika Kwanza Kikae Juu



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa VIWAWA alinikuta nikifunga mizigo kwa safari ya vigangoni, akaniuliza kwa utani: "Baba Paroko, Bwana aliwakataza mitume kuchukua mkoba njiani. Mbona pikipiki yako ina mikoba minne?" Tulicheka sana, na mama mmoja wa WAWATA akasema kijana huyo apelekwe seminari. Hata hivyo swali lake lina uzito. Makatekista wetu husafiri kwa pikipiki, na vijana wengi wa parokia wanapata riziki yao kwa bodaboda. Nimeona vema, basi, juma hili tutafakari jambo linaloonekana dogo: namna ya kuchagua na kupanga mizigo kwa safari ndefu ya pikipiki.

Chombo hiki si kigeni katika utume wa Kanisa. Mwaka 1927 Padre Paul Schulte, Mjerumani wa Shirika la Waoblati wa Maria Imakulata, alianzisha MIVA, chama cha kuwapatia wamisionari vyombo vya usafiri. Alisukumwa na kifo cha rafiki yake, mmisionari mwenzake, aliyefariki barani Afrika kwa sababu hapakuwa na usafiri wa kumfikisha hospitali upesi. Tangu mwanzo, basi, suala la usafiri lilikuwa suala la uhai wa mtu, wala si la starehe.

Wengi wakinunua mfuko au sanduku la pikipiki huuliza kwanza: "Unabeba kiasi gani?" Mimi nashauri tuulize: "Nikiwa barabarani, mvua inanyesha, mkono mmoja una kazi nyingine, nitakifikia nilichokiweka humo kwa muda gani?" Katika safari kama ile ya Makambako hadi Songea, karibu kilomita 300, hali ya hewa hubadilika mara nyingi. Asubuhi Njombe kuna baridi na ukungu, mchana kuna jua kali, na majira ya masika mvua haibishi hodi. Ikiwa koti la mvua liko chini ya nguo za kulalia, msafiri atalowa kabla hajalipata, na nguo alizozifungua zitalowa pamoja naye.

Mimi hugawa mizigo katika sehemu nne. Ya kwanza ni mwili wangu mwenyewe. Simu, leseni, kitambulisho na fedha hukaa katika mifuko ya koti inayofungwa kwa zipu. Ninapompelekea mgonjwa Ekaristi Takatifu, chombo chake hukaa kifuani pangu, kamwe si katika mizigo. Pikipiki ikianguka mtoni au ikiibwa, vitu hivi hubaki nami.

Ya pili ni mfuko mdogo wa juu ya tangi la mafuta. Humo huweka maji, tochi, stola na Mafuta ya Wagonjwa. Mfuko huu ndio rahisi kuufikia kuliko yote, lakini una masharti yake. Ule unaoshikwa kwa sumaku haushiki tangi la plastiki. Hapo unahitajika wa mikanda. Aidha, kabla ya kuondoka zungusha usukani hadi mwisho kushoto na kulia. Ukigusa mfuko, huo ni mkubwa mno, kwani utakuzuia kukata kona siku utakayohitaji kukata kwa ghafula.

Ya tatu ni mizigo ya pembeni, na hapa ndipo wengi hubishana: masanduku ya bati gumu au mifuko laini? Sanduku lina kufuli, halipitishi maji kirahisi, na likifunguka kwa juu unaona kila kitu mara moja. Lile linalofunguka kwa ubavu humwaga vitu chini mlango unapoachia, labda vifungwe ndani ya mfuko mwingine. Mfuko laini ni mwepesi, hushonwa na fundi viatu yeyote, na ukianguka kwenye mchanga au matope hauelekei kuuumiza mguu kama sanduku gumu linavyoweza kuubana. Ubaya wake ni kwamba kisu huupasua, na ukikaribia bomba la moshi huungua. Kwa njia zetu za vigangoni nimechagua mifuko laini ya turubai, na fundi wa kuchomelea amenitengenezea vyuma vya kuizuia isiguse bomba wala gurudumu. Upande mmoja kuna vyombo vya Misa vilivyofungwa katika taulo. Upande wa pili kuna spana, pampu, viraka, gundi na tyubu ya akiba. Pande zote mbili nazipima ziwe na uzito unaolingana.

Ya nne ni keria ya nyuma. Hapo huweka mfuko usiopitisha maji, wa aina inayokunjwa mdomo mara tatu na kubanwa. Mfuko huo ni salama kwa mvua, lakini kupekua humo ni kazi. Hivyo unafaa kwa nguo na shuka, vitu vinavyongoja hadi jioni. Usiweke vitu vizito hapo. Uzito ukikaa nyuma sana ya gurudumu la nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani huanza kuyumba, hasa kwenye mwinuko na kokoto. Kizito kikae chini na karibu na katikati, na jumla isizidi kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki yako.

Ndugu zangu, kuna mfuko wa tano ambao kijana yule hakuuona. Ni mdogo, mwekundu, umefungwa nje ya mzigo wa kushoto, na hufunguka kwa kuvuta mara moja. Ni wa huduma ya kwanza. Machi 2019 nilikuwa nikishuka milima ya Lukumburu baada ya mvua, nikakuta kijana wa bodaboda ameanguka kwenye kona. Bati lilikuwa limemkata pajani, na damu ilikuwa ikitoka kwa nguvu. Watu walikuwa wamesimama. Dereva wa lori alikuwa na sanduku la huduma ya kwanza, tena lililojaa vizuri kuliko langu, lakini lilikuwa chini ya magunia ya viazi. Alipokuwa akiyahamisha magunia yake, akilia kwa hasira, mimi nilikwisha kuvaa glavu na kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi. Mama mmoja akapiga magoti, akaweka mikono yake juu ya yangu, na tukakandamiza bila kuachia hadi gari lilipopatikana la kumpeleka hospitali. Kijana yule aliishi. Anachechemea kidogo, na ameshaoa.

Simlaumu dereva yule. Alikuwa na moyo, na alikuwa na kifaa. Alichokosa ni mpangilio tu. Tangu siku ile nimemsoma Msamaria Mwema wa Injili ya Luka kwa macho mengine. Tunasifu huruma yake, na ni haki. Lakini tuone pia kwamba mafuta na divai vilikuwa karibu naye, na mnyama wake alikuwa na nafasi ya kumpakia majeruhi. Mtu aliyejaza mzigo hadi shingoni angemhurumia vilevile, kisha angempakia wapi?

Ni vivyo hivyo nyumbani. Wengi wetu tuna upendo, tuna msamaha, tuna hata akiba ya kumsaidia jirani, ila tumeviweka chini ya magunia ya shughuli. Tunasema tutavitoa tukipata nafasi. Damu haisubiri nafasi.

Kwa hiyo, wapendwa, kabla ya safari ijayo fanyeni zoezi hili: simameni kando ya pikipiki, fumbeni macho, mnyooshe mkono kutafuta koti la mvua, tochi na kitambaa cha kufungia jeraha. Ambacho mkono haukukipata, kihamisheni. Makatekista wataleta pikipiki zao Jumamosi saa tatu asubuhi mbele ya nyumba ya mapadre, tupange mizigo pamoja. Na vijana wa bodaboda wa dini zote mnakaribishwa.

Nawatakia juma jema na safari salama. Mungu awabariki.

Paroko wenu