Nilimdanganya Dada Kwamba Ninaandika

Kuna kipindi nilikula pesa za dada yangu kwa kazi ambayo sikuifanya. Nayasema haya kwa sababu vijana wanaotaka kuishi kwa uandishi, uchoraji au muziki huniuliza ari huwa naipata wapi, nami kwa muda mrefu nimewajibu kama mtu mwenye haki ya kujibu. Sikuwa nayo.

Nilikuwa karani wa stoo katika kampuni moja mjini Tanga. Jioni nilikuwa naandika riwaya, kurasa chache chache, nyingine nyuma ya fomu za kupokelea mzigo. Pole pole nikaanza kuamini kwamba stoo ndiyo inayonimaliza. Mtu atahesabuje mifuko ya saruji mchana kutwa, kisha usiku awape watu wa hadithi yake sauti na moyo? Nilitaka asubuhi iwe yangu peke yangu, kichwa kitulie, mzuka upande, ndipo niandike kitabu chenyewe. Nikapeleka barua ya kuacha kazi.

Dada yangu ni mshonaji, ana chumba chake cha kazi Ngamiani. Nilipomweleza hakunilaumu. "Kama moyo wako uko huko, mdogo wangu, andika. Cherehani ikizunguka hutalala njaa." Kuanzia hapo kila mwisho wa mwezi akawa ananitumia hela kwenye simu.

Asubuhi nilizozitaka nikazipata, na kurasa zikakoma. Nilipanga meza, nikaipangua. Nilisikiliza mahojiano ya waandishi wakieleza namna wanavyoandika, nikayaita hayo kazi. Nilikwenda kukaa ufukweni nikisubiri hamu. Leo najua kilichonishika: ni woga. Nilipokuwa stoo, ukurasa ukiwa mbovu nilisema nimeandika nimechoka. Sasa sikuwa na uchovu wa kusingizia. Ukurasa ukiwa mbovu, mbovu ni mimi. Basi nikaona afadhali nisiandike kabisa, ili nisije nikajua kipaji changu kinafika wapi.

Dada akiniuliza kitabu kimefika wapi, nilijibu kinaendelea vizuri. Nilimtajia hadi sura, nikamsimulia mambo ambayo sikuwa nimeyaandika popote. Ramadhani moja alipata oda nyingi za nguo za Idi, akashona hadi saa za daku. Idi ilipopita alinitumia pesa zaidi ya kawaida, akasema za kuchapishia mswada. Nilizipokea. Katika yote niliyoyafanya, hilo ndilo baya kuliko mengine, maana alizitoa machoni mwake, nami nilijua hakuna mswada.

Na mtu wa Tanga hawezi kujificha nyuma ya kisingizio kwamba ajira inazuia kuandika. Mwandishi Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na mji wetu. Aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926, na sehemu kubwa ya maisha yake akawa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Riwaya yake ya Kusadikika ilipochapishwa mwaka 1951 alikuwa bado ni mtumishi. Alifariki mwaka 1962, ameacha mashairi, insha na riwaya ambazo mtu mwenye siku nzima mkononi asingezimaliza kirahisi. Yeye ndiye aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Fumba aliyebeba vyungu kwenda kuviuza mjini Unguja, akiwaita wanunuzi kwa sauti yake. Mwaka 1928 sauti hiyo ilifika Bombay kurekodiwa katika sahani za santuri. Habari za Siti nilizisoma nikiwa mwanafunzi, nikazichukua kuwa habari za kipaji tu. Sikuona kwamba alikuwa akiimba huku amejitwika vyungu.

Sisemi dhiki inalea sanaa. Malipo ya mwandishi wa Kiswahili ni madogo, na wanaotuchapa na kutuuza wanalijua hilo. Kudai malipo bora ni haki yetu. Lakini kosa langu halikutokana na malipo.

Siku moja dada aliniomba nimsomee kipande huku anapiga pindo. Sikuwa na kipya. Nikachukua kurasa za wakati wa stoo, nikazisoma kwa madaha kana kwamba ni za wiki ile. Alisikiliza mpaka mwisho, mguu umetulia kwenye pedali. Kisha akasema, "Hizi ulinisomea zamani." Hakuongeza neno, akaendelea na pindo lake. Niliondoka bila kumwomba radhi, na hilo nalo linanichoma.

Nilirudi kutafuta kazi, nikapata ya hesabu za duka la vifaa vya ujenzi. Naandika alfajiri kabla ya kwenda dukani, nina hamu au sina. Mara nyingi naanza nikiwa mkavu, na hamu inakuja nikiwa nimeshaharibu aya mbili tatu. Kingine kilichonisaidia ni tarehe ya mwisho. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, ina siku ya kufunga kupokea miswada, na siku hiyo haimngoji mtu apandwe na mzuka. Kwangu tarehe imefanya kazi ambayo ufukwe haukuifanya.

Dada nilimwambia ukweli wote baadaye, nikiwa na sura mpya za kumwonyesha. Alinisamehe haraka kuliko nilivyostahili. Pesa zake nazirudisha kidogo kidogo, wala sijafika nusu, na macho yake sasa yanahitaji miwani ya kutunga uzi.

Wewe unayelishwa na mtu ili uandike, uchore au utunge nyimbo, nakuomba umwonyeshe kazi yako wiki hii, hata kama ni mbovu. Na kama huna cha kumwonyesha, mwambie.